Runinga ya zamani na lafudhi za majirani

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kitale pamoja na wajukuu wanne. Sebule ilikuwa kimya kama maktaba. Kila mmoja ameinamia simu yake, masikio yamezibwa na vile vidude vyeupe. Mmoja alikuwa Korea, mwingine alikuwa kwenye mpira wa Uingereza. Wa tatu sikujua yuko wapi ila alicheka peke yake kila baada ya dakika chache, na mtu anayecheka peke yake katika chumba chenye watu watano bado hunitia wasiwasi. Ukutani runinga kubwa ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyeihitaji.

Nikamwita mkubwa wao, aliye kidato cha tatu, nikamwonyesha katika simu yangu kipindi kimoja cha Vitimbi nilichokipata YouTube. Alikitazama kwa adabu kama dakika mbili hivi. Kisha akauliza, “Kuka,” maana ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu, “hii iko na sizoni ngapi?”

Nilikosa jibu. Kipindi cha Vitimbi hakikuwa na misimu. Kilikuwa na siku yake ya wiki na saa yake, na ukikikosa umekikosa, utasimuliwa kesho ukiwa kisimani au kwenye basi. Mtoto hakuwa na kosa. Ameuliza kwa msamiati wa zama zake, zama ambazo lugha ya wataalamu inaziita za utiririshaji na lugha ya vijana inaziita za bando.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa tunachokililia sisi wenye mvi tunapotaja Vitimbi, Vioja Mahakamani, Vituko, Tushauriane na Tausi. Kwamba vipindi hivyo vilikuwa bora kuliko vya leo? Nimevirudia vichache kwa jicho la mwalimu wa fasihi na, tuseme ukweli, picha ni hafifu, kuta za sebule zinaonekana kuwa mbao zilizosimamishwa jana, na kuna mazungumzo yanayozunguka palepale mpaka mtu apate la kusema. Ubora si jibu. Jibu, nadhani, liko katika masikio.

Acha nianze na historia yenyewe. Runinga ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kutoka nyumba ya shambani huko Limuru. Mawimbi yake yalifika takribani maili 15 tu, kwa hivyo walioiona walikuwa watu wa Nairobi na viunga vyake, na katika hao, wenye fedha. Mwaka 1964 shirika likataifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya. Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tuliifahamu runinga kwanza kwa kusimuliwa, kama bahari.

Ya kwanza niliyoizoea ilikuwa ya jirani yetu, afisa mstaafu wa mifugo aliyepata shamba katika mojawapo ya skimu za makazi nje ya mji wa Kitale. Umeme haukuwapo. Runinga ilikula betri ya gari, na betri ilipelekwa mjini kuchajiwa ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Nilitumwa mara kadhaa, na suruali yangu moja ilitobolewa na asidi. Jioni ya kipindi tulinawa miguu nje kabla ya kuingia, tukaketi sakafuni kwa mpangilio ambao hakuna aliyeutangaza: wazee kwenye viti, akina mama kwenye mkeka, sisi mbele, na wafanyakazi wa shamba mlangoni na dirishani. Kijana mmoja alibaki nje akishika mlingoti wa antena. “Imeshika?” “Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usitoke!” Maskini yule hakuona vipindi vingi. Betri ilipoanza kuchoka, picha ilijikunja kutoka pembeni, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, na mara nyingi ilizimika wakati mshtakiwa wa Vioja Mahakamani yuko karibu kuhukumiwa.

Chumba hicho ndicho ninachotaka msomaji akione. Skimu za Kitale zilikusanya watu waliotoka kila upande baada ya walowezi kuuza mashamba yao. Mle ndani walikuwamo Wabukusu, Wakikuyu, Wasabaoti, Wajaluo, Waturkana wawili waliochunga ng'ombe, na mama mmoja Mkisii. Lugha ya nyumbani ya mmoja haikumfaa mwingine. Kiswahili kilituunganisha, lakini si Kiswahili cha vitabuni. Kila mmoja alikizungumza kwa ulimi alionyonya nao. Mbukusu hana v wala z katika lugha yake, basi vitu kwake ni “fitu”. Mjaluo hana sh, kwa hivyo shamba ni “samba” na shida ni “sida”. Mkikuyu anamwita baba “mbamba”, halafu l na r zinabadilishana viti. Mkalenjini hatofautishi sana b na p, na “basi” yake inakuwa “pasi”. Wanaisimu tunaliita jambo hili athari ya lugha ya kwanza. Mtaani linaitwa tu kuongea kama watu wa kwenu.

Na ndivyo walivyoongea mabwana na mabibi wa kwenye runinga. Mzee Ojwang Hatari na mkewe Mama Kayai, Masanduku arap Simiti, Othorong'ong'o Danger, na kule mahakamani Makokha na Ondiek Nyuka Kwota. Majina yenyewe ni ramani ya nchi. Tuliposikia “fitu” ikitoka kwenye kisanduku, chumba kizima kiligeuka kumtazama mzee mmoja wa kwetu, naye akacheka kuliko wote. Zamu ya Mjaluo ilifika, ya Mkikuyu ikafika. Hakuna aliyebaki bila kuchekwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu tulilijua baadaye sana. Aliyeigiza Mzee Ojwang alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Ile lafudhi ya ziwani iliyotufanya tuape kwamba mzee yule ametoka Nyanza, alijifunza. Kufanya hivyo si mchezo. Mtu lazima kwanza aitoe lafudhi yake mwenyewe kinywani, kisha aivae ya jirani, na si sauti moja moja tu bali kupanda na kushuka kwa sentensi, mahali pa kuvuta pumzi, namna ya kukasirika. Huwezi kuyapata hayo kwa kumdharau mtu. Unayapata kwa kumsikiliza kwa miaka.

Mimi sikulielewa hilo kwa wakati wake, na hapa lazima nikiri kosa langu.

Januari 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili Bungoma, nimetoka chuoni na kamusi mkononi, nikiamini nimetumwa kuiokoa lugha. Runinga ya shule ilikuwa katika bwalo, na wanafunzi waliruhusiwa kutazama kwa zamu. Kesho yake darasani nilikuta mtihani wangu: wavulana wanajibu maswali kwa sauti ya Ojwang au ya Masanduku, darasa linavunjika mbavu. Nilipiga marufuku. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye wala hakuwa akiigiza bali alizungumza hivyo kwa asili, alisoma ufahamu kwa “f” zake za Kibukusu. Nikamkatiza: “Hapa si Vitimbi.” Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Mwaka uliobaki hakufungua kinywa tena katika somo langu. Alipata alama nzuri kwenye karatasi na nikajipongeza. Mimi mwenyewe ni Mbukusu. Hizo “f” nilikuwa nimezitoa kinywani mwangu kwa jasho miaka michache tu kabla.

Nilikuwa na kielelezo changu cha Kiswahili, bila shaka, naye pia alitoka katika redio na runinga ileile: Leonard Mambo Mbotela, na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966. Niliwaambia wanafunzi, msikilizeni huyu. Kiswahili cha Mombasa, kimenyooka, kina adabu, kinauliza badala ya kuamuru. Mbotela ametuaga mwezi Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, na ningependa wanafunzi wa lugha walitafakari swali lake upya. Neno mwungwana, katika historia ya pwani, halikuwa na maana ya mtu mstaarabu tu. Lilimtenga aliyezaliwa huru na aliye mtumwa. Sasa, Mbotela alizaliwa Freretown, makazi ya waliokombolewa utumwani. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934 kinachosimulia habari za wahenga wake hao. Mjukuu wa watu walioitwa watumwa akakaa kwenye kipaza sauti cha taifa kwa miongo mingi akiwauliza Wakenya wote, mawaziri na makondakta, kama wanayoyatenda ni uungwana. Nilimfanya kuwa rungu la kuwachapia wenye lafudhi za bara. Sijui angesema nini kuhusu uungwana wa jambo hilo.

Wala tusiitie chumvi runinga ya siku zile. Kituo kilikuwa kimoja mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, na kituo hicho kilikuwa cha serikali. Kabla hujamwona Ojwang ulimwona Rais, alikokwenda, alichopanda, aliyemsalimia. Vichekesho havikumgusa mkubwa yeyote. Mpaka vijana wa Redykyulass walipothubutu kumwigiza Moi mwishoni mwa enzi yake, tulichekana sisi kwa sisi, maskini kwa maskini, na wake wa vipindini walipigiwa kelele kupita kiasi. Hata tamthilia ya Tushauriane ya mwaka 1987, ambayo wengi huikumbuka kwa mapenzi na machozi yake, ilibuniwa kuhimiza uzazi wa mpango kwa mbinu zilizoanzia Mexico kwa Miguel Sabido. Utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umeonyesha kwamba mwanamke wa Kenya huzaa watoto wanane kwa wastani. Tulidhani tunastareheshwa, kumbe tunashauriwa. Jina lenyewe lilitwambia, hatukulisikia.

Kisha ikaja Januari 2008.

Uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa umejaa wakimbizi wa ndani baada ya uchaguzi, na upande wa Mlima Elgon watu walikuwa tayari wanauana kwa ajili ya ardhi kabla hata ya kura. Nilipanda matatu kurudi nyumbani. Kati ya Kamukuywa na Kiminini tukakuta mawe barabarani na vijana wenye marungu. Hawakuomba vitambulisho kwanza. Walituambia tuongee. Walitaka kusikia.

Zamu yangu ilipofika niliwajibu kwa Kiswahili changu cha darasani, kile cha Mbotela, kila v mahali pake na kila z mahali pake. Wakatazamana. “Huyu ni wa wapi?” Kiswahili changu hakikuwa na kwao. Niliyoitafuta miaka ishirini na zaidi ikawa ndiyo shaka yenyewe. Dereva, aliyenifahamu, akasema, “Huyo ni mwalimu, ni wetu.” Nikaambiwa nisalimie. Nikasema “Mulembe” na maneno mengine mawili matatu kwa sauti iliyotetemeka, na nikapita.

Nyuma yangu alikaa mama muuza vitunguu. Mimi nilimjua kuwa Mkikuyu kwa sababu niliwahi kununua kwake sokoni Kiminini na kumsikia akimkaripia mwanawe. Moyo wangu ulisimama. Mama yule akafungua kinywa akawasemesha vijana wale kwa Kibukusu, kirefu, na kizuri kuliko changu, akiwauliza wana wa nani na kama mama zao wanajua waliko. Mmoja alijibu “Ndiyo mayi” kabla ya kujizuia. Mawe yakasogezwa.

Nimesimulia kisa hiki kwa watu wachache tu mpaka leo. Baada ya kukitafakari kwa muda mrefu, naona mama yule alifanya alichokifanya Benson Wanjau. Aliishi jirani na watu, akawasikiliza, akaweza kuwa wao kwa dakika tatu. Na sitasema kwamba vichekesho vya runinga vilituandaa kwa wema. Vijana wenye marungu nao walijua vyema “f” ni ya nani, “samba” ni ya nani na “mbamba” ni ya nani, na baadhi yao walikuwa watoto wa vyumba vilevile vya betri na antena. Sikio lililofunzwa kucheka lafudhi linaweza kuagizwa kuiwinda. Mambo yote mawili ni kweli, na sijafaulu kuyafanya kuwa moja.

Zama zile zilifungwa kwa namna ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa ameibuni. Tarehe 17 Juni 2015 ilikuwa siku ya mwisho ambayo nchi za eneo letu zilikubaliana kimataifa kuzima mitambo ya analogi. Tukaingia zama za king'amuzi, neno ambalo nalipenda kwa kuwa limetokana na kung'amua, ingawa wengi tulilipa bila kung'amua kitu. Pale Bungoma milingoti ya antena ikawa ya kuanikia nguo. Tarehe 12 Julai, siku 25 baadaye, Mzee Ojwang akafariki. Miezi sita haijatimia, Januari 2016, Netflix ikafunguliwa Kenya, na mtu akaweza kuchagua peke yake, kutazama peke yake, kusimamisha akaenda chooni na kuendelea.

Si kwamba lafudhi zetu zimekufa huko. Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya Netflix, ya mwaka 2022, ina Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, na wahusika huhama kutoka lugha moja hadi nyingine kama tunavyohama sisi. Na wanaodhani kutazama kwa pamoja kumekwisha hawajaingia katika vibanda vya video vya Kitale, ambako sinema za Wachina na Wahindi hurushwa zikiwa na sauti ya DJ Afro juu yake, akisimulia, akibishana na wahusika, akiwapa majina ya mtaani. Tanzania walikuwa na Lufufu akifanya kazi kama hiyo. Wasomi wenzangu hukunja pua. Mimi niliketi katika kibanda kimoja mwaka jana na kusikia vijana thelathini wakicheka kwa pamoja, jambo ambalo sikulisikia sebuleni kwangu.

Kinachonikera ni kingine. Nina mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza jinsi Kiswahili cha bara kilivyosemwa miaka ya 1980. Vitabu vya wakati huo havimsaidii, vyote vimesanifishwa. Magazeti vivyo hivyo. Ushahidi mkubwa wa sauti tulionao ni vipindi hivi hivi nilivyovipiga marufuku. Tulipotafuta YouTube tulipata vingi, lakini karibu vyote ni vya miaka ya baadaye, vyenye rangi, na vimepakiwa bila tarehe wala majina ya waigizaji. Hata BBC ilifuta kanda za Doctor Who za miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena, na sasa watu wanazitafuta duniani kote. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yamehifadhi wadudu, nyoka, ngoma na vibuyu vya watu wa Magharibi. Ningependa siku moja nikute humo chumba chenye viti, mkeka na kanda, na maelezo ya nani alicheka nini. Kwa sasa nimemwambia mwanafunzi aanze na wazee. Wapo wanaoweza kuigiza mahakama nzima, hakimu mpaka mshtakiwa, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Hata neno lenyewe linasubiri kuhifadhiwa. Nikiuliza darasani kitimbi ni nini, nusu wanasema ni kipindi. Kwamba ni hila, ujanja wa kumtatiza mwenzako, hawajui, kama ambavyo hawajui kioja kimoja bila mahakama.

Nirudi kwa mjukuu wangu. Baada ya swali lake la sizoni sikumwachia simu. Nikamwambia atoe vidude masikioni, asikilize tena, asitazame picha. Akasikiliza. Wadogo zake nao wakainua vichwa kwa sababu Ojwang alikuwa anapiga kelele. Mdogo kabisa akacheka.

“Kwani huyu mzee ni Mjaluo?” mkubwa akauliza.

“Hapana. Ni Mkikuyu.”

“Sasa mbona anaongea hivyo?”

Nikavuta kiti nianze kumweleza. Picha ikasimama, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Bando limeisha. Nikampa shilingi hamsini, akakimbia dukani.